Kabla Uagize Robo Pale City Market

Wasee, tunasema "tupatane Muindi Mbingu" kila wikendi kama vile ni jina la stendi tu. Kwani ulishajiuliza huyu mtu alikuwa nani? Mimi naona anayefaa kujua kwanza ni yule anayeingia City Market kununua nyama.

Soko lenyewe ni la miaka ya 1930, enzi za mkoloni. Ukipita wauza maua mlangoni, inua macho: yale matao ya zege yanapanda hadi juu. Ni jengo poa, hiyo siwezi kukataa.

Sasa, mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua Wakamba wana ng'ombe wengi mno, eti wanaharibu udongo. Ardhi nzuri ilikuwa imeshachukuliwa na walowezi, kwa hivyo hao ng'ombe wangelishwa wapi? Wakaanza kukamatwa kwa lazima na kuuzwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwasubiri pale Athi River. Na ng'ombe kwa Mkamba hakuwa kitoweo tu. Alikuwa mahari, na akiba ya wakati wa njaa.

Samuel Muindi Mbingu akasema hapana. Akaongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto kutoka Ukambani hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Lamu. Lakini serikali nayo ikaachana na ule uuzaji wa lazima.

Kibao cha barabara hakikuambii hayo yote. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo nikiwa kwa bucha: barabara ya mtu aliyekataa mifugo ya watu wake iuzwe kwa hasara ndiyo inatuleta hapa kupunguziwa bei ya nyama! Na utapunguziwa, ukijua kuongea. Uliza bei mabucha mawili matatu kabla utoe simu ulipe. Sema unataka sehemu gani, na uangalie ikikatwa. Supamaketi nyama imeshafungwa na bei imebandikwa, hakuna wa kubishana naye.

Kama mfuko umekauka, sahau steki, nenda upande wa samaki. Tilapia wa kukaanga, ugali, kachumbari, unanawa na kula kwa mkono. Ila fika kabla ya saa saba, maana watu wa ofisi wakishuka hapo utakula umesimama.