Mbunge ataondoka lini?

Ukitoka Eldoret kwa barabara ya Ziwa, kilomita 9 hivi, unafika Chepkoilel. Kwenye nguzo za stima, mabango ya kampeni yamebandikwa juu ya mengine hadi karatasi zikawa nene kama kadibodi. Ahadi ni barabara, maji na basari. Mwaka wa kuondoka haumo.

Mzozo wa mihula ulirudi mwaka 2024, Seneta Samson Cherargei wa Nandi, jirani zetu, alipoleta mswada wa kuongeza muhula wa viongozi kutoka miaka 5 hadi 7. Wakenya waliukataa, na walifanya vyema. Swali la kikomo cha mihula ya wabunge likasahaulika.

Rais alipewa kikomo cha mihula miwili vyama vingi viliporejea. Moi akang'atuka 2002. Katiba ya 2010 ikawabana na magavana. Wabunge, maseneta na MCA wakaachwa. Jackson Mandago alikuwa gavana wetu tangu 2013. Mihula yake ilipokwisha 2022, aliwania useneta akashinda. Hakuvunja sheria yoyote. Katiba ndiyo iliyoacha mlango wazi.

Sheria ikinyamaza, hubaki neno la mgombea. Wamarekani walilijaribu. Mwaka 1992 wapiga kura wa jimbo la Washington walipitisha kikomo cha mihula kwa wabunge wao. Spika wa Bunge la Wawakilishi, Tom Foley, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu 1965, akaungana na waliokwenda mahakamani kukipinga. Yaani mbunge kupambana kortini na waliomtuma! George Nethercutt akalishikilia hilo, akaahidi mihula mitatu tu ya miaka 2, na 1994 akamwangusha. Tangu 1862 hakuna Spika aliyekuwa ameshindwa kwao. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikavitupa vikomo vya majimbo kwa kura 5 dhidi ya 4. Ikabaki ahadi. Mwaka 2000 Nethercutt aliivunja, akagombea tena, na watu walewale wakamrudisha.

Uganda wanayajua haya. Manifesto ya Museveni ya 2001 ilisema huo ni muhula wake wa mwisho. 2005 Bunge likaondoa kikomo.

Kwa hiyo wagombea wakija Chepkoilel kabla ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, tuwape kalamu. Waandike mwaka watakaoondoka, watie sahihi mbele ya watu, na nakala ibaki kwetu.