Mwana Kapelekwa Nchi ya Chai: Kusomea Biashara na Uchumi Kericho na Bomet

Kila mwaka majina ya waliopata nafasi za chuo kikuu yakitoka, simu za wazazi huanza. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza swali ambalo nimelisikia kwa wengi: "Kaka, mwanangu amepewa Kabianga asomee biashara. Kabianga ndiyo wapi? Kwani pwani hakuna biashara?"

Swali lake ni la haki. Mzazi anayemtoa mwana Kisauni, Malindi au Ukunda kumpeleka bara, mahali asipomjua mtu, anataka kujua anampeleka kwenye nini. Makala haya yanaeleza vyuo vyenyewe, kinachosomwa, gharama na suala la mkopo. Yanaeleza pia jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: biashara kubwa ya Kericho na Bomet ni chai, na bei ya chai hiyo hupigwa hapa hapa Mombasa.

Vyuo vyenyewe

Chuo Kikuu cha Kabianga kiko kaunti ya Kericho, upande wa Belgut, nje ya mji. Kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kishiriki mwaka 2009, kisha kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa navyo vilipata hati zao. Kwa hivyo ni vyuo vya rika moja, na asiwepo wa kumwambia mwana kwamba ametupwa kwenye chuo cha porini.

Bomet kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 2017 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mjini Kericho kuna pia chuo cha kibinafsi cha Kenya Highlands, chenye msingi wa Kikristo. Mzazi Mwislamu ni vyema alijue hilo kabla ya kuchagua, si baada ya kulipa.

Kuingia kwa shahada kunahitaji gredi ya C+ katika mtihani wa KCSE, na nafasi za serikali hugawanywa na KUCCPS kwa kuangalia pointi za masomo yanayohusiana na kozi. Kwa biashara, na zaidi kwa uchumi, hisabati ndiyo mlango. Mwana aliyeiacha hisabati tangu kidato cha pili akidhani biashara ni kuuza na kununua tu, atapata taabu. Majina ya kozi hubadilika, kwa hivyo soma orodha ya mwaka wako kwenye tovuti ya KUCCPS na usitegemee ya mtoto wa jirani aliyeingia miaka mitatu iliyopita.

Kinachosomwa

Watu huchanganya mambo mawili. Kozi za biashara humfundisha mtu kuendesha shughuli: uhasibu, masoko, fedha, usimamizi wa wafanyakazi, sheria za mikataba. Uchumi humfundisha kuuliza kwa nini: kwa nini bei imepanda, kwa nini shilingi imeshuka, kwa nini mkulima amevuna zaidi akapata kidogo. Mwaka wa kwanza masomo hufanana sana, kisha njia zinaachana. Kwa kawaida shahada huchukua miaka minne, na ndani yake kuna kipindi cha kwenda kazini kujifunza kwa vitendo.

Anayependa uhasibu anaweza kufanya mitihani ya CPA ya KASNEB sambamba na shahada. Na aliyekosa C+ asikate tamaa. Mimi mwenyewe ni mtu wa diploma, na diploma nzuri ya biashara humfungulia mtu mlango wa shahada baadaye. Wahenga wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hilo daftari ndilo linalosomewa huko.

Darasa lililo shambani

Kampuni za Kizungu zilianza mashamba makubwa ya chai Kericho katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji Wakipsigis na ukoo wa Talai wanaidai hadi leo. Mashamba hayo yamebadilisha mikono mara kadhaa. Mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay. Pembeni yake wako wakulima wadogo wenye ekari moja au mbili, ambao majani yao huenda kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 kama la serikali na likabinafsishwa mwaka 2000.

Mkulima huyo hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mabichi, na mwisho wa mwaka wa hesabu hupata bonasi, kulingana na chai ilivyouzwa. Ndiyo maana bonasi ikiwa ndogo, Kericho na Bomet husikika kelele. Kelele huzidi kwa sababu viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa, kama vile vya pande za Mlima Kenya, huwalipa wakulima wao bonasi kubwa kuliko vya magharibi. Kwa nini? Ubora wa majani, gharama za kiwanda, usimamizi au soko? Hilo ni swali la mtihani wa uchumi, na mwanafunzi wa Kabianga analisikia kwenye matatu kabla hajalisikia darasani.

Mfano mwingine ni wa dola. Chai huuzwa mnadani kwa dola za Marekani, ilhali mkulima hulipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu 129. Tuseme kilo ya chai imeuzwa dola 2.50. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi 400, kwa cha pili ni shilingi 322 na senti 50. Chai ni ile ile, mnunuzi ni yule yule, na zaidi ya shilingi 77 zimeondoka kwenye kila kilo. Sisi pwani tulifurahia shilingi kupata nguvu kwa sababu bidhaa za nje zilipungua bei. Mkulima wa Bomet hakufurahi.

Na kuna mashine. Mwaka 2023 vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai kwa kuwa zilichukua kazi za wachumaji. Mwenye shamba anasema gharama zinamuumiza, mchumaji anasema watoto watakula nini. Kitabu kitakupa nadharia ya mtaji na kazi. Pale unaziona nyuso za watu.

Chai ikishuka Mombasa

Hapa ndipo habari inapotuhusu. Inahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kiwandani majani hukaushwa kiasi, hukatwa na kupondwa, hubadilika rangi, hukaushwa kabisa, huchujwa kwa madaraja na kutiwa kwenye mifuko ya karatasi. Kisha malori hushuka nayo Mombasa.

Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956 na ukahamia Mombasa mwaka 1969. Unasimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa chai cha Afrika Mashariki, EATTA, na makao yake ni barabara ya Nyerere. Huuzwa chai ya Kenya, ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine. Madalali huonja na kukadiria bei, wanunuzi hushindana, meli hupakia. Pakistan na Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu.

Ujanani niliwahi kufanya kazi ya karani kwenye ghala la chai. Nilihesabu mifuko iliyoandikwa Kapkoros, Tegat, Momul, Litein, na alama za BP1 na PF1. Nilijua kuhesabu tu. Sikujua Kapkoros iko Bomet, wala kwa nini mfuko huu una bei kuliko ule. Waliojua walikuwa ghorofani, na mishahara yao ilikuwa ya ghorofani pia. Hakuna aliyenizuia kupanda ngazi. Sikuwa na elimu ya kupandia.

Hiyo ndiyo sababu nilimwambia yule mama ampeleke mwanawe. Mtoto wa pwani aliyeishi miaka minne kwenye chai, akakijua kiwanda na kituo cha kununulia majani, halafu kwao ni kwenye mnada na bandari, anaijua njia nzima. Kuna Wapwani wengi wanaojua mwisho wake na Wakericho wengi wanaojua mwanzo wake. Wanaojua pande zote mbili ni wachache. Ushauri wangu kwa mwanafunzi: ukipata kipindi cha kujifunza kazini, omba kiwandani huko huko, ukirudi likizo, bisha hodi kwa madalali, maghala na mawakala wa forodha hapa Mombasa.

Gharama na suala la mkopo

Tangu mwaka 2023 serikali hugawanya karo sehemu tatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Katika mgawanyo mmoja uliowahi kutumika, familia ya ngazi ya chini kabisa ilipangiwa kulipa asilimia 5, na ya ngazi ya juu asilimia 40. Mfumo umepingwa mahakamani na viwango vimekuwa vikirekebishwa, kwa hivyo fuata tangazo la mwaka wako. Ngazi hutegemea maelezo unayojaza kuhusu hali ya nyumbani. Jaza kweli, na ujaze yote: baba asiye na kazi, mayatima mnaowalea, nyumba ya kupanga.

Mkopo wa kawaida wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo, na mimi si mufti wa kulitolea hukumu. Ninachokiona kila mwaka ni familia inayosita kimyakimya mpaka tarehe ya mwisho ipite, na mwana akose hata ule ufadhili usio na riba yoyote. Muulize sheikh unayemwamini mapema. Omba basari ya eneo bunge na ya kaunti. Kwale ilionyesha kwa mpango wake wa Elimu ni Sasa kwamba kaunti ikitaka kusomesha, inasomesha. Pelekeni jambo hili msikitini pia: zaka na michango iliyopangwa vizuri inaweza kumbeba mwanafunzi mmoja au wawili wa mtaa.

Maisha ya huko

Kericho iko juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni karibu kila alasiri, na wakati mwingine ni ya mawe. Sweta nzito na koti la mvua si anasa. Safari ni kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha Nakuru, kisha Kericho. Weka nauli ya kurudi kando tangu siku ya kwanza.

Mjini Kericho kuna msikiti na Waislamu walioishi huko miaka mingi. Akifika, mwana aulizie jumuiya ya wanafunzi Waislamu chuoni kabla ya kuulizia chochote kingine. Huko ndiko atakapopata futari ya Ramadhani na mtu wa kumtazama akiugua. Wenyeji ni Wakipsigis, watu wa kilimo na ng'ombe, na mgeni anayesalimia kwa Kikipsigis, "chamgei", hupokewa vizuri.

Yule mama alimpeleka. Juzi aliniambia mwanawe amempigia simu akimuuliza kama majani tunayonunua dukani kwa Hamisi yameandikwa ni ya kiwanda gani. "Tangu lini mtu akauliza hivyo?" akacheka. Nikamwambia mwana ameanza kusoma.