Vikombe vya Mbio na Moshi wa Barabarani
Mwezi Novemba 2016, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitangaza kujitoa katika mashindano ya dunia ya mbio za magari za rali, ingawa ilikuwa imetwaa ubingwa miaka minne mfululizo. Mwaka mmoja kabla yake, ilifichuliwa nchini Marekani kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa hila ya kuficha moshi wa sumu. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Juni 2018 kampuni hiyo ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari mjini Kigali, na Oktoba 2019 ikaleta magari ya umeme. Basi mwananchi wa Kabuga, aishiye kando ya barabara ya Rwamagana, asiulize vikombe vingapi vilitwaliwa. Aulize bomba latoa nini.