Tenisi ya meza: Jinsi ubingwa wa dunia ulivyohama kutoka Ulaya hadi Asia, na Afrika ilipo leo

Tangu tenisi ya meza iingie kwenye Olimpiki mwaka 1988 hadi michezo ya Paris mwaka 2024, medali 42 za dhahabu zimeshindaniwa. China imebeba 37. Kijana anayeziona takwimu hizi leo anaweza kudhani kwamba Wachina wamezaliwa na raketi mkononi, na kwamba wengine tunashiriki tu ili kujaza orodha.

Historia ya mchezo huu inasema vingine. Ubingwa wa dunia ulianzia Ulaya ya kati, ukavuka hadi Japani, ukatua China, ukarudi Uswidi kwa muda, kisha ukaenda tena China. Kila ulikohamia kulikuwa na sababu inayoonekana: vilabu, vifaa vipya, au mpango wa kulea watoto. Makala haya yanaifuata safari hiyo. Tukisema taji la wanaume au la wanawake bila kuongeza neno, tunamaanisha shindano la mchezaji mmoja mmoja katika Mashindano ya Dunia.

Kutoka meza ya chakula hadi London 1926

Mchezo ulianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kama burudani ya nyumbani baada ya chakula cha jioni. Mwaka 1901 kampuni ya J. Jaques & Son ilisajili jina Ping Pong kama alama yake ya biashara. Ndiyo sababu vyama vya mchezo vikalazimika kutumia jina tenisi ya meza, ingawa mitaani jina la kampuni halijafutika hadi leo.

Mwaka 1926 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza, ITTF kwa ufupi, liliundwa, na Desemba mwaka huohuo mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika London. Rais wake wa kwanza alikuwa Mwingereza Ivor Montagu, mtengenezaji filamu na mkomunisti aliyetoka katika familia ya kitajiri. Mama yake, Lady Swaythling, alitoa kombe la timu za wanaume ambalo linashindaniwa kwa jina lake mpaka sasa. Montagu alikaa kwenye kiti hicho hadi mwaka 1967, na kama tutakavyoona, siasa zake ziliacha alama.

Enzi ya Hungaria

Bingwa wa kwanza wa wanaume alikuwa Roland Jacobi wa Hungaria. Wa wanawake alikuwa Mária Mednyánszky, pia wa Hungaria, aliyelitwaa taji hilo mara tano mfululizo hadi 1931. Kisha akaja Viktor Barna, aliyetwaa taji la wanaume mwaka 1930 na tena kila mwaka kuanzia 1932 hadi 1935. Katika mashindano 9 ya mwanzo, Hungaria ilibeba Kombe la Swaythling mara 8. Mwingereza Fred Perry alipenya katikati na kuwa bingwa mwaka 1929 mjini Budapest, kisha akahamia tenisi ya uwanjani na kushinda Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934 hadi 1936.

Raketi za wakati huo zilikuwa na mpira wenye vipele usio na sponji chini yake, na wavu ulikuwa juu kuliko wa sasa. Anayejilinda alikuwa na nafasi kubwa kuliko anayeshambulia. Mwaka 1936 mjini Prague jambo hilo lilifika kikomo: Alojzy Ehrlich wa Poland na Paneth Farkas wa Romania walirudishiana mpira kwa zaidi ya saa mbili kabla ya pointi ya kwanza kupatikana. Mwaka uliofuata fainali ya wanawake ilikatizwa kwa kuvuka muda na taji likabaki bila mwenyewe. Ruth Aarons wa Marekani na Trudi Pritzi wa Austria walikuja kutambuliwa kuwa mabingwa wa pamoja mwaka 2001. Baada ya vituko hivyo wavu ulishushwa hadi sentimita 15.25, kimo kinachotumika mpaka leo, na sheria za muda zikakazwa.

Mwaka 1939 mashindano yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cairo. Fainali ya wanaume ilikuwa kati ya Ehrlich na Richard Bergmann, mzaliwa wa Austria aliyekimbilia Uingereza baada ya Ujerumani ya Hitler kuimeza nchi yake. Bergmann alishinda. Miezi michache baadaye vita vikazuka na mashindano yakasimama hadi 1947. Ehrlich alitiwa kwenye kambi za Wanazi, Auschwitz na Dachau, akatoka akiwa hai. Wengi wa kizazi kile cha Ulaya ya kati walikuwa Wayahudi, na vilabu vyao havikuwahi kuwa kama vilivyokuwa. Romania iliendelea kung'ara kupitia Angelica Rozeanu, bingwa wa wanawake mara sita mfululizo kutoka 1950 hadi 1955, lakini mizani ilikuwa imeanza kuelemea Asia.

Sponji ya Japani

Mwaka 1952 mashindano yalifanyika Bombay, kwa mara ya kwanza barani Asia. Hiroji Satoh wa Japani alifika na raketi iliyobandikwa sponji nene. Mpira ulitoka kwa kasi wasiyoizoea wapinzani, na mlio waliokuwa wakiutegemea kukadiria nguvu ya pigo haukusikika. Alitawazwa bingwa. Wazungu walilalamika, lakini Wajapani hawakutegemea sponji peke yake. Ichiro Ogimura, bingwa wa 1954 na 1956, aliingiza mazoezi makali ya mwili katika mchezo uliokuwa ukichukuliwa kama wa sebuleni. Timu ya wanaume ya Japani ilitwaa Kombe la Swaythling mara tano mfululizo, 1954 hadi 1959. Mwishoni mwa kipindi hicho ITTF iliweka mipaka ya unene wa sponji.

Mlango uliofunguliwa mapema

Hapa ndipo siasa za Montagu zilipoonekana. Wakati mashirika mengi ya michezo duniani yalikuwa yakiikwepa Jamhuri ya Watu wa China, ITTF iliikubali, na mwaka 1953 wachezaji wake wakashiriki mashindano ya dunia mjini Bucharest. Mwaka 1956 shirikisho hilohilo lilifanya jambo ambalo kila Mwafrika anafaa kulijua: liliondoa chama cha wazungu watupu cha Afrika Kusini na kukitambua chama kisichobagua rangi. Timu yake ilicheza mashindano ya dunia mjini Stockholm mwaka 1957, kabla ya serikali ya makaburu kuanza kuwanyima wachezaji pasipoti. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, na Kamati ya Olimpiki ikaizuia kuanzia michezo ya 1964. Tenisi ya meza ilikuwa imetangulia.

China yapanda, China yapotea, China yarudi

Mwaka 1959 mjini Dortmund, Rong Guotuan, mzaliwa wa Hong Kong aliyehamia bara miaka miwili kabla, alimlaza Ferenc Sidó wa Hungaria kwenye fainali. Alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka China katika mchezo wowote. Mwaka 1961 Beijing ikawa mwenyeji, na Zhuang Zedong akaanza safari ya mataji matatu mfululizo: 1961, 1963 na 1965. Nyuma ya mabingwa hao kulikuwa na meza za saruji kwenye viwanja vya shule na viwanda. Mtoto hakuhitaji kiatu wala uwanja mkubwa.

Kisha Mapinduzi ya Utamaduni yakavuruga kila kitu. China haikushiriki mwaka 1967 wala 1969. Mabingwa walishutumiwa hadharani, na Rong Guotuan alijitoa uhai mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 30.

Walirudi mwaka 1971 mjini Nagoya, Japani. Mmarekani Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China, na Zhuang Zedong akainuka kumsalimu na kumpa zawadi ya picha ya hariri. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa China, na Februari 1972 Rais Nixon akatua Beijing. Kati ya matukio hayo mawili, Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa uliirudishia China kiti chake. Kura hiyo ilikuwa matunda ya miaka mingi ya kazi ya nchi za Afrika na Asia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoleta azimio, ikiwakilishwa na balozi kijana mzaliwa wa Zanzibar, Salim Ahmed Salim. Kenya nayo iliunga mkono.

Waliothubutu kuivunja China

Uswidi ilikuwa imetoa bingwa mwaka huohuo wa 1971, Stellan Bengtsson. Wenzake waliomfuata walikwenda kufanya mazoezi China kwenyewe, wakarudi na walichojifunza na kukichanganya na chao. Mwaka 1989 mjini Dortmund, Uswidi iliibwaga China 5-0 kwenye fainali ya timu za wanaume, na ikalitetea kombe mwaka 1991 na 1993. Kinara wao, Jan-Ove Waldner, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1989 na 1997 na wa Olimpiki mwaka 1992.

Upande wa wanawake, mwaka 1991 mjini Chiba, Japani, Korea mbili ziliungana kuwa timu moja. Hyun Jung-hwa wa Kusini na Li Bun-hui wa Kaskazini walikuwa kwenye kikosi kilichoishinda China fainali.

China haikulala. Deng Yaping, mwenye kimo cha takriban mita 1.5, aliyewahi kukataliwa kwa ufupi wake, alitwaa dhahabu nne za Olimpiki mwaka 1992 na 1996. Baadaye Ma Long alifikisha dhahabu sita za Olimpiki, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa tenisi ya meza amewahi kuifikia. Taji la wanawake halijatoka China tangu Hyun Jung-hwa alipolichukua mwaka 1993. Kwa wanaume, Werner Schlager wa Austria, bingwa wa 2003, ndiye wa mwisho asiye Mchina hadi mashindano ya Doha mwaka 2025, ambako Wang Chuqin na Sun Yingsha walitawazwa.

Sheria nazo zimebadilishwa ili watazamaji wafurahie zaidi. Mwaka 2000 kipenyo cha mpira kiliongezwa kutoka milimita 38 hadi 40. Mwaka 2001 gemu ilipunguzwa kutoka pointi 21 hadi 11. Mwaka 2014 mipira ya plastiki ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya seluloidi. Mataji hayakuhama. Anayefanya mazoezi zaidi huzizoea sheria mpya haraka kuliko wengine.

Afrika kwenye meza

Baada ya Cairo, bara letu lilisubiri miaka 84 kuwa mwenyeji tena, mjini Durban mwaka 2023. Hata hivyo wachezaji wetu wamekuwa wakijitafutia njia. Wanigeria Segun Toriola na Funke Oshonaike kila mmoja ameshiriki Olimpiki saba. Quadri Aruna, pia wa Nigeria, alimng'oa Mjerumani Timo Boll mjini Rio mwaka 2016 na kuwa Mwafrika wa kwanza kufika robofainali ya Olimpiki, ambako alikutana na Ma Long. Alifika robofainali ya dunia mjini Houston mwaka 2021. Omar Assar wa Misri akafika robofainali ya Olimpiki ya Paris. Hakuna aliyepata medali, lakini pengo linapungua.

Mwaka 2025 ukaleta habari nyingine. Hugo Calderano wa Brazili alitwaa Kombe la Dunia mjini Macau, mchezaji wa kwanza kutoka nje ya Asia na Ulaya kufanya hivyo, kisha akafika fainali ya dunia Doha. Brazili ni nchi ya kandanda kama sisi. Haikuwa na Barna wala Zhuang wa kuigwa.

Sisi tujifunze nini?

Kila enzi tuliyoipitia ilianza kwa vitu vichache: meza karibu na watoto, mkufunzi anayejua, na mashindano ya mara kwa mara. Meza rasmi ni mita 2.74 kwa 1.525. Huo ndio uwanja mzima. Ukilinganisha na gharama ya kiwanja kimoja cha kandanda, ni mchezo wa mwananchi wa kawaida, na hauulizi mtoto ana kimo gani au ni wa kike au wa kiume.

Meza za saruji kama za China zinawezekana hapa Pwani, na viwanda vya saruji tunavyo. Lakini tusidanganyane: mpira wa gramu 2.7 hauchezeki nje upepo wa kusi ukivuma. Kwa hivyo swali la kwanza linahusu kumbi za jamii. Nyingi tunazifungua kwa mikutano na harusi, na siku nyingine kufuli hubaki mlangoni. Meza nne, saa mbili kila jioni na mtu mmoja wa kuwafunza watoto si mradi wa mabilioni. Mbunge wa wadi anayetafuta jambo la kuwafanyia vijana kabla ya bajeti ijayo anaweza kuanzia hapo, na wazazi wana haki ya kumuuliza.