Sultani aliyenunua kila kitu isipokuwa waya

Kila kinapoingia kitu kipya hapa kwetu tunasikilizishwa hotuba ileile. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu Julai 2009 tuliambiwa dunia sasa ni kijiji na sisi tumepata kiwanja. Pesa za kwenye simu zilikuwa na hotuba yake, teksi za kuitwa kwa programu zikaja na yake, sasa ni zamu ya akili mnemba. Upande wa pili wapo wenzetu ambao kila kipya kwao ni mtego wa mabeberu, ila wanayasema hayo wakiwa wameshika simu ya bei mbaya kuliko yangu. Nikichoshwa na pande zote mbili huwa narudi kumsoma mtu mmoja aliyefariki mwaka 1888. Ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar.

Shuleni tulimsoma Barghash kama mtu wa kutia saini. Mwaka 1873 alikubali mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, akafunga soko la watumwa, kengele ikalia tukaenda mapumziko. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu huyu alikuwa mgonjwa wa mashine.

Ugonjwa wenyewe aliupatia Bombay. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Dada yao Salme, binti aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. (Mkumbuke huyu dada, atarudi.) Jaribio lilishindwa, Waingereza wakiwa upande wa Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni India. Adhabu gani ile! Kijana wa kifalme anatolewa kisiwani, ambako habari huja na pepo za kaskazi, anapelekwa kuishi katika mji wenye treni tangu 1853, wenye viwanda vya nguo, mitambo ya kuchapa na magazeti. Nadhani waliompeleka walitaka akaisahau siasa. Akarudi na hamu ya kuwa na mji kama ule.

Majid alifariki 1870 na Barghash akakaa kitini. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa Novemba 1869, kwa hiyo ghafla Bahari ya Hindi ilikuwa jirani na Ulaya. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani. Mwaka huohuo kampuni ya meli ya Mskochi mmoja, William Mackinnon, ilipewa mkataba na serikali ya Uingereza wa kuleta barua Zanzibar kutoka Aden kila mwezi kwa meli ya mvuke. Fikiria maana yake kwa mfanyabiashara wa pembe au karafuu. Tangu enzi na enzi mwendo wa biashara uliamuliwa na upepo: kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha, katikati unasubiri. Sasa kukawa na ratiba.

Barghash hakukaa barazani kulalamika kwamba wageni wameteka usafiri. Akanunua meli zake za mvuke, nazo zikaanza kubeba mizigo na abiria kati ya Zanzibar na Bombay. Akaagiza Uskoti manowari iitwayo Glasgow, ikakamilika 1878, kwa sababu alikuwa ameiona ya Waingereza yenye jina hilo akaipenda. Mwaka 1875 akaenda mwenyewe Uingereza, akaonana na Malkia Victoria. Akaleta mtambo wa kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu. Akavuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi hadi Mji Mkongwe. Mwaka 1883 likasimama lile jumba la Beit al-Ajaib.

Halafu kuna reli. Wengi wetu tunaamini kwamba historia ya reli Afrika Mashariki inaanza na ile ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, au ile ya Mombasa, 1896. Barghash alikuwa na reli ya maili 7 kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani tangu mwaka 1879. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, mpaka mwaka 1881 alipoagiza kichwa cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipokufa, reli iling'olewa na kichwa kikauzwa chuma chakavu. Mimi hilo huniuma kuliko mambo mengi makubwa zaidi.

Kabla hujaanza kumshangilia, tuulize fedha zilitoka wapi. Zilitoka kwenye ushuru wa forodha, kwenye pembe, na kwenye karafuu. Karafuu zilichumwa na watumwa, kwa sababu mkataba wa 1873 ulifunga bahari na soko tu; utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi 1897. Kwa hiyo aliyekuwa juu ya mkarafuu kule Pemba, na pagazi aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo, ndio waliolipia treni ambayo hawakuipanda.

Sasa tuje kwenye waya.

Januari 1879 Wazulu waliwachapa Waingereza vibaya sana pale Isandlwana. Vita vilipiganwa tarehe 22. London ilipata habari tarehe 11 Februari. Siku 20! Afrika Kusini haikuwa na waya wa simu wa kuiunganisha na Ulaya, habari ilibidi ipande meli kwanza. London ikaamua upesi, na kabla mwaka 1879 haujaisha waya ukawa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji, kisha Durban. Zanzibar kituo kikawekwa kwenye kisiwa kidogo cha Bawe, Barghash akiwa ametoa ruhusa. (Tukiwa hapo: neno simu lenyewe ni la Kiajemi, maana yake waya. Leo simu zetu hazina waya, jina tumebaki nalo.)

Kwa mtu aliyependa Bombay hii ilikuwa neema. Jambo lililochukua wiki kadhaa likachukua saa kadhaa. Lakini angalia waya ulikuwa wa nani na ulikuja kufanya nini. Ulikuwa mali ya kampuni ya Uingereza, na ulikuja kwa ajili ya vita vya Waingereza huko kusini. Zanzibar ilikuwa njiani tu, kama kijiji ambacho basi la mikoani husimama abiria wachimbe dawa. Isitoshe, ujumbe ulilipiwa kwa neno. Tajiri wa forodhani aliweza kuuliza bei ya London kabla ya kununua karafuu. Mwenye shamba la mikarafuu 50 alisikia bei kutoka kwa huyohuyo tajiri.

Mtihani wa Sultani ulikuja 1885. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani kijana, Carl Peters, alivuka bara akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na makaratasi yake, akikusanya alama za machifu kwenye mikataba ya lugha wasiyoijua. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikayapa makaratasi yale ulinzi wake. Barghash alipoarifiwa alifanya kile ambacho mtu wa kisasa angefanya: akapeleka simu Berlin kupinga, kwamba nchi hizo ni zake. Miaka michache tu nyuma barua hiyo ingesubiri meli. Yake ilifika upesi kabisa, na haikumsaidia chochote.

Maana waya uleule ulikuwa unaleta maneno mengine kwa John Kirk, balozi wa Uingereza. Huyu alikuwa amekaa Zanzibar miaka mingi, Sultani akimtegemea kwa ushauri, akiamini Uingereza ingemsimamia. Zamani balozi wa mbali angeweza kufanya lake kwa wiki kadhaa kabla barua ya kumkataza haijafika. Sasa mawaziri wa London, wasiowahi kuiona Zanzibar, wakiwa na shida zao na Bismarck kuhusu Misri, waliweza kumwambia asubuhi afanye nini jioni. Wakamwambia asiwazuie Wajerumani, na amshauri Sultani akubali. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani. Salme naye alikuja pamoja nazo, sasa akiwa Emily Ruete, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg, akitumiwa kama kisingizio cha kudai urithi. Barghash akakubali. Mwaka uliofuata, Wajerumani na Waingereza wakakaa wakampimia upande wa bara ukanda wa pwani wa maili 10.

Na yule Mackinnon wa meli za barua? Mwaka 1877 alikuwa ameanza mazungumzo ya kukodishwa bara yote kwa miaka 70, hayakufika mwisho. Mei 1887 akapata alichotaka: haki ya kuutawala na kukusanya ushuru ukanda wa pwani upande wa Mombasa, na mwaka uliofuata kampuni yake ikapewa hati ya kifalme. Miaka 15 kutoka kubeba barua hadi kutawala. Leo nikiona kampuni ya usafirishaji inaanza kukopesha na kutunza fedha za watu, jina hili hunijia.

Barghash alifariki Machi 1888. Agosti 1896 mwanawe, Khalid, akajitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Balozi mdogo, Basil Cave, akapeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa kulipiga mabomu jumba la kifalme, na ruhusa ikarudi kwa njia hiyohiyo. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ikafyatuliwa, na chini ya saa moja vita vilikuwa vimekwisha, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakiwa wamekufa au kujeruhiwa. Glasgow, ile manowari ya Uskoti, ilizamishwa bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka mingi.

Beit al-Ajaib lenyewe liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, watu wawili wakafa. Jengo la kampuni ya simu kule Shangani ni hoteli ya kifahari.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi huku juu tukakaa siku kadhaa tukisubiri meli ikaunganishe. Tulilalamika, tukataniana, miamala ikagoma, ikarudi. Lakini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mikongo yote ilikuwa mizima chini ya bahari, hakuna nanga iliyoikwaruza. Intaneti ilizimwa, nami nikabaki na daftari lililojaa habari na pa kuzipeleka sina.