Makala Juu ya Makala

Kwetu Goma na Bukavu, makala ni mkaa. Kwa watu wa Dar na Mombasa, makala ni maandishi kama haya mnayosoma. Basi leo tunawaandikia makala juu ya makala, na mwenye kucheka acheke kwanza.

Wengi wetu hapa Kampala tunaishi kwenye mzigo, chumba kimoja cha kupanga, Nsambya, Katwe au Makindye. Ukuta si wako, bati si lako, dirisha si lako. Mtu wa shirika akija kutufundisha nyumba inayotunza mazingira, tunamuuliza: tubadilishe nini sasa? Kitu kilicho chetu kweli mule ndani ni sigiri. Ndiyo tukatafuta historia yake.

Sigiri ya bati tupu, husemekana, ililetwa na Wahindi waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896. Mafundi wa Katwe wanaigonga mpaka leo kwa vyuma chakavu. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo, lakini joto linapotelea pembeni. Magoti yanaungua, maharagwe bado mabichi.

Mabadiliko yalianzia Nairobi. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano pale kuhusu nishati, na miaka ileile Wakenya waliangalia jiko la ndoo la Thailand wakalitengeneza upya: bati nje, udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba katikati. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walilichukua, na sokoni likaenea. Udongo unashika joto na kulirudisha juu kwenye sufuria, kwa hiyo makala yanapungua kwa theluthi moja hivi, wengine husema hadi nusu. Baadaye jiko hilo likavuka mpaka, na leo viwanda vidogo vya Kampala vinalitengeneza. Limetoka Thailand, limepata jina Kenya, linatafuta maisha Uganda. Kibali hakuna aliyeliuliza!

Lakini kuna sehemu ya historia hii inayotugusa vibaya. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, wakawekwa Kibumba na Mugunga, pembeni kabisa ya mbuga ya Virunga. Miti ikakatwa, na mwaka huohuo UNESCO iliingiza Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mpaka leo tunasikia kwamba wakimbizi wanamaliza misitu. Sawa, miti ilikatwa. Lakini mtu ukimpa mahindi na maharagwe makavu, na kuni za kuyapikia hazitoshi, ulitegemea ayale mabichi? Anayepanga chakula apange na moto. Na Wakongomani wenyewe tuliendelea kununua makala ya Virunga kwa miaka mingi baada ya wale wageni kurudi kwao, hilo pia tukubali.

Huku Uganda umeme si mgeni. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Bujagali ikaja 2012, Karuma ikazinduliwa 2024. Na bado jioni moshi wa sigiri unajaa kwenye korido zetu. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makala kutoka kaskazini, sababu misitu ya kule inaisha kwa ajili yetu wa mjini. Bei ikapanda, sisi tukapunguza siku za maharagwe.

Serikali ilileta pia bei nafuu ya umeme wa kupikia, kuanzia 2022. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba bei hiyo inaanza baada ya yuniti 80 kwa mwezi na inaishia 150, kwa kila mita. Mizigo yetu sita ina mita moja. Nafuu ya nyumba moja tunagawana nyumba sita, halafu mwenye nyumba ameshasema hataki kuona koili ya umeme. Ndugu zetu wa mashirika, mkikaa na watu wa umeme, ulizeni hilo la mita kabla hamjatuletea jiko lingine la kupiga picha.

Kwa sasa tunafanya tunachoweza. Maharagwe yanalala kwenye maji, yanachemshwa kidogo, kisha sufuria inafungwa kwenye blanketi na kuwekwa ndani ya kapu mpaka yaive yenyewe. Briketi za maganda ya matoke tulijaribu, za kwanza zilipasuka zote sababu hatukuzikausha vizuri. Na tuna daftari: kila nyumba inaandika kavera ya makala imenunuliwa lini na imeisha lini, kwa sigiri gani. Mama mmoja haandiki, anachora mistari ukutani na mkaa. Mwenye nyumba bado hajaiona.