Nguzo Nne Zilizobeba Wavuti

Ukifungua leo tovuti ya gazeti, ya chuo au ya duka, ukurasa unaousoma mara nyingi haukuwapo sekunde moja kabla. Seva imepokea ombi lako, programu imechota vichwa vya habari, majina na bei kutoka kwenye kanzidata, imevipanga, kisha imekutumia ukurasa uliotungwa papo hapo. Kazi hiyo inategemea tabaka nne: mfumo endeshi unaotawala mashine, programu ya seva inayopokea maombi, lugha ya skripti inayotunga kurasa, na kanzidata inayotunza kumbukumbu. Kwa zaidi ya miaka ishirini, katika sehemu kubwa ya dunia, tabaka hizo zimekuwa Linux, Apache, PHP na MySQL. Hakuna serikali iliyoziagiza wala kampuni moja iliyozibuni. Zilianzishwa na watu wachache waliokuwa na shida zao za kazini, wakazitatua, kisha wakawagawia wengine bila kuwatoza. Uamuzi huo wa kugawa ndio uliotupa wavuti tuliyo nayo.

Enzi ya kurasa zisizobadilika

Machi 1989, Mwingereza Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lake kwa wakuu wake wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na Geneva. Kufikia mwisho wa 1990 seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kompyuta ya NeXT iliyokuwa ofisini. Juu yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ikiwaonya wapitao wasiizime.

Wakati huo wavuti ilikuwa na mshindani aliyeitwa Gopher, kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mwanzoni mwa 1993 chuo hicho kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva wangelipa ada. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, CERN ikatangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma na yeyote anaweza kuzitumia. Waliokuwa wakisitasita wakajua pa kuelekea. Gopher ilififia ndani ya miaka michache.

Seva za awali, hata hivyo, zilijua kazi moja tu: kutafuta faili iliyoombwa na kuituma kama ilivyo. Mabadiliko yalitoka NCSA, kituo cha Chuo Kikuu cha Illinois, ambako Rob McCool aliandika seva iliyoitwa NCSA HTTPd. Mwaka 1993 ilizaliwa hapo kanuni ya CGI, iliyoiwezesha seva kuendesha programu nyingine na kumpelekea msomaji majibu yake. Nyingi ya programu hizo ziliandikwa kwa Perl, lugha aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987. Kasoro ya CGI ilikuwa uzito. Kila ombi lilianzisha programu upya na kuifunga baada ya jibu, kama duka linaloajiri muuzaji mpya kwa kila mteja na kumwachisha kazi mteja akitoka. Wageni walipoongezeka, mashine ilielemewa.

Miaka minne ya ujenzi

Linux ndiyo iliyotangulia. Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akitaka mfumo endeshi ambao kila mtu anaweza kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Agosti 1991, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Kabla ya hapo, aliyetaka seva ya mfumo endeshi wa Unix kwa kawaida alinunua mashine maalumu kwa maelfu ya dola. Linux iliweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, na hivyo gharama ya kuingia uwanjani ikashuka mno.

Apache ilitokana na pengo. McCool alipoondoka NCSA mwaka 1994, seva yake ilikosa msimamizi, na mafundi wa tovuti wakabaki kila mmoja akiiziba matundu peke yake. Februari 1995, wanane kati yao, wakiwamo Brian Behlendorf na Roy Fielding, waliunganisha viraka vyao kwa barua pepe. Aprili wakatoa toleo la kwanza kwa umma, na Desemba wakatoa toleo la 1.0. Aprili 1996 Apache ilikuwa tayari imeipita NCSA na kuwa seva iliyotumika zaidi kwenye wavuti. Watu waliokaa nchi mbalimbali walifanikisha hilo kwa kukubaliana kwamba mwenye kazi nzuri asikilizwe.

PHP ilianza kwa haja ndogo kuliko zote. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitaka kujua nani anasoma wasifu wake wa kazi mtandaoni. Mwaka 1994 akatengeneza zana za kumsaidia, na Juni 1995 akazitoa kwa umma. Baadaye wanafunzi wawili wa Israeli, Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliona zana hizo hazitoshi kwa mradi wao wa biashara ya mtandaoni, wakaandika kiini kipya. PHP 3 ilitoka Juni 1998. Nguvu yake ilikuwa wepesi: fundi aliandika amri ndani ya ukurasa uleule wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. PHP pia iliweza kukaa ndani ya Apache yenyewe, na ule mzigo wa kuanzisha programu upya kwa kila ombi ukaondoka.

Kanzidata ndiyo iliyokuwa na asili ya mbali zaidi. Mwaka 1970, Edgar Codd wa IBM alichapisha nadharia ya kupanga data katika majedwali yenye uhusiano, na baadaye wenzake wakabuni lugha ya SQL ya kuyauliza majedwali hayo. Kampuni kubwa ziliigeuza nadharia hiyo kuwa bidhaa za bei ya juu. Mwaka 1995 Mfini Michael Widenius, pamoja na Waswidi David Axmark na Allan Larsson, walianzisha MySQL, na Widenius akaipa jina la binti yake, My. Mwanzoni haikuwa na ulinzi wa miamala, ambao bila huo benki isingeweza kuishi, lakini ilisoma data kwa kasi kubwa, na tovuti nyingi husoma mara nyingi kuliko zinavyoandika. Mwaka 2000 nayo iliwekwa chini ya leseni ya GNU.

Mwaka 1998 Michael Kunze aliandika katika jarida la Kijerumani la c't kuhusu muungano wa programu hizi nne, akaupa jina la LAMP kutokana na herufi zake za kwanza. Mwaka 2002 likafuata furushi la XAMPP, lililosakinisha Apache, MySQL na PHP kwa pamoja kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Tangu hapo, mwanafunzi aliweza kuwa na seva kamili mezani pake bila kulipia leseni yoyote.

Mavuno, hadi Afrika Mashariki

Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, ilitumia kwanza programu ya Perl iliyohifadhi makala katika faili. Makala zilipoongezeka, Mjerumani Magnus Manske aliandika programu mpya ya PHP na MySQL, ikaanza kazi Januari 2002. Wikipedia ya Kiswahili inaendeshwa na kizazi cha programu hiyo hadi leo. WordPress, programu ya kuchapishia tovuti, ilifuata mwaka 2003, Facebook mwaka 2004. Moodle, inayobeba masomo katika vyuo vikuu vyetu vingi, imeandikwa kwa PHP vilevile.

Kwetu, njia ilikuwa na vikwazo. Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi, pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na mkongo wa baharini wa intaneti. Data ilipita kwenye setilaiti kwa gharama kubwa, na tovuti nyingi za wenyeji zilikaa kwenye seva za Ulaya na Marekani. Hata hivyo kazi haikusubiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia, Erik Hersman na wenzao waliunda Ushahidi, kukusanya taarifa za vurugu na kuzionyesha kwenye ramani. Mfumo huo ulioendelezwa baadaye kwa PHP na MySQL ulitolewa bure, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Safari hii waliogawa walikuwa wa kwetu.

Gharama ya wepesi

Milango iliyo wazi kwa fundi huwa wazi kwa mwizi pia. Kwa miaka mingi PHP iligeuza alichoandika mgeni kwenye fomu kuwa sehemu ya vigeu vya programu. Tabia hiyo ilizimwa katika mipangilio ya awali mwaka 2002, ikafutwa kabisa mwaka 2012. Hatari kubwa zaidi ni kumwachia mgeni apenyeze amri ya SQL mahali pa kuandika jina lake, na kanzidata ikaitii. Dawa yake, amri zilizoandaliwa mapema ambazo hutenganisha amri na data, imejulikana kwa miaka mingi, lakini bado wapo wasioitumia.

Umiliki nao ulitikisika. Kampuni ya Sun iliinunua MySQL mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja, kisha Oracle ikaimiliki Sun mwaka 2010. Widenius alikuwa ameshachukua msimbo uleule na kuanzisha MariaDB, yenye jina la binti yake mdogo, na mwaka 2013 Wikipedia ikahamia huko. Leseni ndiyo iliyoruhusu jambo hilo. Kampuni ilinunua jina na ofisi, lakini haikuweza kuwanyang'anya watumiaji msimbo waliokuwa nao.

Tabaka zenyewe zinabadilika. Mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev alitoa nginx, inayohudumia maelfu ya wageni kwa kumbukumbu ndogo, na seva nyingi zimeiacha Apache kwa ajili yake. Wengine wamechagua kanzidata ya PostgreSQL, na mashine zenyewe zimehamia kwenye vituo vya kukodi. Hata hivyo, mpangilio wa msingi ni uleule wa mwaka 1998, na anayeuelewa ataelewa vyote vilivyofuata.

Kwa hiyo walimu wa vyuo vyetu wasiishie kumfundisha kijana kujaza kurasa kwenye mfumo aliotengeneza mwingine. Wamkabidhi mashine tupu, asakinishe Linux mwenyewe, aweke seva, aunganishe kanzidata, ampe kila mtumiaji ruhusa anayohitaji tu, ahifadhi nakala za akiba mahali pengine na ajaribu kuzirejesha. Nasi tunaotumia kazi ya wengine bila malipo tuna deni: kuripoti hitilafu, kutafsiri maelekezo kwa Kiswahili na kugawa tunachokiandika. Programu hizi ziko mikononi mwetu kihalali. Kilichobaki ni kujifunza kuzimiliki.